Simenti ilitutia hasara, chokaa ikatutoa: ukarabati wa shule ya mawe

Mshauri wa kwanza alisema tubomoe. Wa pili alisema tupige plasta nzito ya simenti "mpaka ukuta ukome kulia". Tukamsikiliza wa pili, na hapo ndipo fedha ilipoanza kuyeyuka.

Shule ni kongwe, upande wa Pangani. Madarasa manne yana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama sentimita 50. Kazi ilikuwa kuyakarabati hayo, kuongeza mawili na chumba cha kompyuta. Tulijenga kwa force akaunti: kamati inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Vikao na risiti nayaruka, aliyewahi kujenga hivyo anayajua.

Plasta ya zamani ilikuwa imebanduka kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Tukaikwangua, tukapiga simenti na mchanga 1 kwa 4, juu yake rangi ya mafuta. Ilipendeza, wageni wakapiga picha. Masika yalipokwisha rangi ilikuwa na malengelenge, na ule unyevu uliokuwa ukiishia kiunoni umepanda hadi chini ya ubao. Fundi akasema mchanganyiko ulikuwa dhaifu. Tukarudia kwa 1 kwa 3. Safari hii plasta haikumeguka, ilitoka nzimanzima kama sinia, nyuma yake unga mweupe wa chumvi na ngozi ya jiwe imeng'oka nayo. Mifuko kama 40 ya simenti ilikwenda hivyo, rangi sijaihesabu.

Ndipo akaletwa fundi mzee wa chokaa kutoka Unguja. Hakuomba mwiko, aliomba sarafu. Akaanza kugonga ukuta shubiri kwa shubiri: panapolia kwa mwangwi plasta imeachana na jiwe, panapolia kavu imeshika. Palipoachana akazungushia chaki. Alipomaliza, ukuta ulikuwa kama ramani ya visiwa. "Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu unakunywa maji, na anayekunywa lazima atoke jasho. Wewe umeuvalisha koti la mvua."

Ndivyo hasa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hufyonza maji ya ardhini. Plasta ya chokaa huyaachia yatoke polepole kama mvuke. Simenti na rangi ya mafuta huziba, kwa hiyo maji hupanda kutafuta pa kutokea. Chumvi iliyomo hubaki nyuma ya plasta, ikikauka hugeuka chembe ngumu zinazokua na kuisukuma. Ndiyo maana kuongeza simenti kulizidisha ubaya: plasta iliyo ngumu kuliko jiwe ikiondoka huondoka na jiwe.

Hata chokaa haikuanza siku hiyo. Tulianza nje. Miaka ya kufagia na kumwaga kifusi ilikuwa imeinua uwanja hadi kulingana na sakafu za madarasa. Tukaushusha sentimita 30 kuzunguka jengo, tukajenga mfereji wenye mteremko wa sentimita 1 kila mita, na bati zikawekewa mabomba ya kukinga mvua. Tahadhari: kabla ya kushusha udongo chimba shimo moja dogo uone msingi unaishia wapi. Majengo haya mara nyingi misingi yake ni mifupi, ukipita chini yake umeitafuta balaa.

Chokaa tulichukua ile iliyotoka tanurini, haijaonja maji. Itie chokaa ndani ya maji, usimwagie maji chokaa, inachemka na kuruka, na jicho halina spea. Iloweke shimoni na kuifunika wiki tatu angalau. Sisi tuliiacha mwezi, ikawa nzito kama mtindi. Pipa 1 la chokaa kwa 3 za mchanga wa mto (wa pwani una chumvi, utarudi ulikotoka), na nusu pipa ya unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa, husaidia kushika penye unyevu. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita 1, likwaruze, funika kwa magunia mabichi. Tabaka la pili baada ya wiki, kucha ikiwa haiingii. Ukiharakisha kwa jua, linapasuka kama tope la mtoni. Juu yake chokaa ya kupaka tu.

Kushusha uwanja kulitupa kero nyingine: milango sasa iko sentimita 30 juu ya ardhi. Mmoja akapendekeza njia ya mteremko ya mita moja na nusu. Hiyo ni ya kuangushia kiti cha magurudumu. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda ipewe 12 za urefu, kwa hiyo mita 3.6, na mahali tambarare mlangoni pa kugeuzia.

Madarasa mapya tulishauriwa kuyang'atisha kwenye ukuta wa zamani. Tulikataa. Msingi mpya hutitia, wa zamani ulishatitia zamani, ukiwafunga pamoja utapata ufa kuanzia lenta (mkanda wa zege juu ya milango) hadi sakafuni. Tuliacha mwanya wa sentimita 2.5 kuanzia msingi hadi juu, ukafunikwa kwa kipande cha bati kilichofungwa upande mmoja tu ili majengo yacheze.

Kompyuta tuliziweka jengo jipya. Kuchimba mifereji ya waya kwenye matumbawe ni kuyaharibu, hivyo madarasa ya zamani waya zinapita juu ya ukuta ndani ya vifuniko vya plastiki. Laptopu 20 za wati 65 ni wati 1,300. Soketi zina waya wa milimita 2.5 za mraba na breka zake (swichi zinazokata umeme ukizidi), taa waya wa milimita 1.5 za mraba na breka yake.

Kabla ya kupokea kazi tulibandika kila ukuta kipande cha nailoni cha nusu mita, kingo zote kwa selotepu, kikalala. Majimaji yakiwa upande wa ukutani, ukuta bado unatoa jasho. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya bahari tu.

Ukuta wa stoo umebaki na simenti yake kwa sababu fedha iliisha. Akija mshauri mpya tunampeleka hapo, tunampa sarafu.