Usikimbilie kubadilisha mchanga wa filta ya bwawa

Mabwawa mengi ya kuogelea hapa Mwanza, ya hoteli na ya majumbani, yanachuja maji kwa mchanga: tangi la faiba, valvu yenye mkono juu au ubavuni, na chini kabisa vijibomba vyenye matundu membamba vinavyokusanya maji yaliyochujwa. Maji yakianza kuwa na ukungu, utaambiwa "badilisha mchanga". Mara nyingi huko ni kukulia hela tu. Mchanga mzuri wa silika unakaa miaka 5 hadi 7. Kinachotakiwa katikati ya miaka hiyo ni kufungua, kuangalia na kuosha.

Geji ya presha iliyo kwenye filta ndiyo inayokuambia ufungue lini. Siku filta ni safi andika inasoma ngapi, tuseme psi 12 (psi ni kipimo cha presha). Ikipanda kwa 8 hadi 10 juu ya hapo, piga bakiwoshi, yaani geuza maji yapande kutoka chini na kutoa uchafu nje. Usifanye hivyo kila siku: mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko uliooshwa asubuhi hii, na pampu ya mita za ujazo 12 kwa saa inamwaga lita 600 kwa dakika 3 tu. Geji ikikataa kushuka hata baada ya bakiwoshi, fungua. Geji ikiwa chini muda wote na maji yana ukungu, kagua kwanza kikapu cha pampu. Kama ni kisafi, basi maji yamejichimbia njia ndani ya mchanga na yanapita bila kuchujwa. Na ukikuta mchanga sakafuni karibu na tundu la maji yanayorudi bwawani, usisubiri, kuna kijibomba kimepasuka.

Zima umeme kwenye meinswichi, siyo kwenye swichi ya pampu peke yake. Pampu nyingi zina taima, na umeme ukikatika kisha ukarudi, pampu inaweza kuwaka wakati mkono wako uko ndani ya tangi. Funga valvu za kwenda na kurudi bwawani. Legeza kifuniko kidogo cha hewa karibu na geji mpaka presha iishe, ndipo ufungue plagi ya chini maji yatoke. Usiguse nati za mkanda wa valvu kabla presha haijafika sifuri. Tangi lenye presha hurusha valvu kwa nguvu za kuua mtu.

Kabla ya kutoa valvu ya juu, chora mstari wa maka pen kutoka kwenye valvu hadi kwenye tangi ili irudi ilivyokuwa. Kisha inyanyue polepole huku ukiizungusha kidogo kushoto na kulia. Hapa ndipo filta nyingi zinapoharibiwa. Bomba la katikati limekaza ndani ya valvu. Ukivuta kwa pupa linapanda nalo, mchanga unaingia chini yake, na ukilisukuma lirudi unavunja vijibomba. Likishaachia, ziba mdomo wake kwa mfuko wa nailoni na tepu.

Sasa angalia uso wa mchanga. Filta isiyo na shida ina uso tambarare wenye utando mwembamba wa kahawia. Filta yenye shida ina shimo kama faneli karibu na bomba la katikati, au ufa kandokando ya ukuta. Chota konzi moja na uifinye: chembe zikiachana, mchanga ni mzima; zikigandamana kuwa vidonge vya utelezi, hayo ni mafuta ya ngozi na ya kujipaka yaliyokamata uchafu. Huku kwetu utando huo unakuwa wa kijani, na ndani yake utaona mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa usiku. Kuganda kwa chokaa ni nadra, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria ni laini. Kwa hiyo anayetaka kukumwagia tindikali kwenye filta, muulize anayeyusha nini.

Chota sentimita 5 za juu uzitupe. Ingiza mpira wa maji ndani ya mchanga, usifike kwenye vijibomba, na uache maji yapande na kumwagika juu ya mdomo wa tangi. Hamisha mpira sehemu kwa sehemu, vunja vidonge kwa mkono, endelea mpaka maji yanayomwagika yawe meupe. Sabuni ya unga usithubutu; povu lake litatokea bwawani kwa siku kadhaa.

Ikiwa kijibomba kimevunjika, mchanga wote lazima utoke. Chota kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, siyo kwa koleo. Badilisha kilichovunjika, kisha jaza tangi maji hadi nusu kabla ya kurudisha mchanga, ili maji yapokee uzito. Tangi la inchi 24 huchukua takriban kilo 150, lakini fuata kibao cha filta yenyewe. Shikilia bomba la katikati lisiegemee upande, na uache nafasi juu ya mchanga, maana wakati wa bakiwoshi unavimba.

Swali linalokuja kila mara: mchanga wa ufukweni si upo bure? Upo, na hapa haufai. Chembe zake hazilingani na una udongo na vipande vya konokono. Chembe za vumbi zinapenya hadi bwawani, nyingine zinakwama kwenye matundu. Unaotakiwa ni silika ya milimita 0.4 hadi 0.8.

Valvu nayo ifungue. Ndani kuna gasketi yenye umbo la gurudumu. Punje moja ya mchanga ikikaa juu yake, inakatika. Dalili yake ni maji kuvuja kwenye bomba la kumwagia wakati mkono uko kwenye kuchuja. Kinachoiua haraka ni kugeuza mkono pampu ikiwa inazunguka. Mpira wa duara wa shingoni mwa tangi, valvu inapokaa, paka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanaulegeza mpira.

Ukishafunga, anza na bakiwoshi dakika 3 au mpaka maji kwenye kioo cha kuonea cha valvu yawe meupe, zima, suuza dakika 1, zima, ndipo uweke kwenye kuchuja. Toa hewa, soma geji, andika namba hiyo kwenye tangi. Ukitumia shabu kutuliza uchafu, vuta ule uchafu ukiwa umeweka mkono kwenye kumwaga. Ukipitisha kwenye mchanga, utafungua tena wiki hiyo hiyo. Maji ya bakiwoshi yaelekeze kwenye shimo la kunywesha ardhi, yasiende ziwani, kwa kuwa klorini inaua samaki.