OpenSSL imenikesha Moshi

Wakuu, usiku wa kuamkia leo nimesasisha OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, kwenye seva ya Debian (aina ya Linux) ya mteja wangu hapa Moshi, jamaa wa kupandisha wageni mlimani. Nilisubiri saa tisa usiku, hata Ulaya wamelala.

Nakala ya /etc (folda la mipangilio) kwanza, kisha madirisha mawili ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali: moja la kazi, jingine siligusi, ni la kuniokoa. Kuna mwaka nilijifanya mjuaji, nikafuta libcrypto ya zamani, faili la OpenSSL linalotegemewa na programu nyingine, kwa mkono nikidhani ni takataka. SSH ikagoma. Nikapanda bodaboda na kibodi mgongoni kuifuata seva ilipo, na masika yale hayakunihurumia.

Safari hii nikaiachia apt, kisakinishi cha Debian, kazi yake. Dakika mbili tu. Nikaandika openssl version, toleo jipya hilo hapo! Kumbe bado. Faili la kwenye diski limebadilika, ila programu iliyokwisha kuwaka inaendelea kushikilia lile la zamani kwenye memori mpaka uiwashe upya. Nikapiga lsof, amri ya kuonyesha nani anatumia faili gani, mistari ya DEL (faili lililofutwa) ikajipanga: nginx ya tovuti, postfix ya barua pepe, sshd yenyewe inayopokea SSH. Ndiyo maana kwenye Heartbleed, lile tundu la usalama la OpenSSL la mwaka 2014, kusasisha peke yake hakukutosha. Watu waliwasha upya huduma, wakabadili funguo za siri na vyeti.

Nikawasha moja moja, sshd ya mwisho. Kabla sijafunga chochote nikajaribu kuingia kwa dirisha la tatu. Ikakubali.

Dakika kumi baadaye umeme ukakatika.