Siku moja Kisongo: Caravan, chopa na mgeni mwenye sanduku gumu

Saa 11 kasoro alfajiri alamu inalia na baridi la Julai la Arusha mnalijua, nakunywa chai ya haraka nadaka boda hadi uwanjani. Nafanya kazi ya abiria na mizigo kwenye kampuni moja ya ndege za mbugani, uwanja wa Arusha ule wa Kisongo barabara ya Dodoma, sio KIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa wa Kilimanjaro. Hilo la KIA narudia kila siku ya Mungu, kuna mtu ashaenda kule na tiketi ya huku akanipigia simu analia.

Saa 12 asubuhi. Caravan tatu, ndege zetu ndogo za Cessna, zinavuliwa vifuniko. Rubani anazunguka ndege, anachuja mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikopo cheupe anakimulika kwa tochi aone kama kuna maji, kisha anashika pangaboi anaangalia kingo zake kama kuna kokoto imeng'oa kitu, maana huko tunakotua ni vumbi na changarawe. Pembeni kuna Cessna 206, nayo ni ndege ndogo kwa macho ya wengi lakini hawa sio ndugu kabisa. 206 ina injini ya pistoni, inakunywa avgasi, petroli ya ndege, ile ya rangi ya bluu. Caravan ina injini ya tabini, inachoma Jet A-1, mafuta yale yale ya Dreamliner, tofauti ni kwamba nguvu yake inazungusha pangaboi. Ukimwekea 206 mafuta ya Caravan injini itazima na huenda ikazimia hewani, ndo maana kijana wa mafuta haongei na mtu akiwa na bomba mkononi, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Saa 1 na nusu wageni wanafika na hapa ndo kazi yangu yenyewe. Kila mtu anapanda mzani na begi lake. Kina mama wa Kizungu wengine wanacheka, wengine wananuna, mzee mmoja leo ananiambia "kijana andika tu 80" nikamwambia shikamoo mzee lakini panda, maana Caravan ikijaa kila kitu inaruka na tani 4 tu hivi, kilo 20 za uongo mara watu 10 sio mchezo. Halafu akaja yule wa sanduku gumu lenye matairi. Tunaandika kwenye tiketi kilo 15, begi laini, watu hawasomi. Mizigo mingi inaingia kwenye kile kitumbo chini ya ndege, kina vilango vidogo pembeni, sanduku gumu halikunjiki hata ulibembeleze, kwahiyo tukamhamishia nguo kwenye mfuko wa salfeti na sanduku likabaki ofisini. Hakufurahi, lakini alipanda.

Ukipakia Caravan kuna kitu wengi hawakijui, tunaweka mguu wa chuma chini ya mkia kwanza. Mlango wa abiria uko nyuma, watu watano wakisongamana pale na mizigo nyuma ndege inaweza ikaketi kwa mkia pua juu. Mguu unatolewa wakishakaa na rubani anahakikisha kwa macho yake kwamba umetoka.

Saa 2 na robo ya kwanza imeondoka kwenda Seronera katikati ya Serengeti, ya pili Kogatende kule kaskazini karibu na mto Mara. Kwenye ya kwanza kuna wapenzi wawili wana baluni kesho alfajiri, dada ananiuliza rubani wa baluni anakataje kona. Hakati dada yangu, anapanda na kushuka tu kutafuta upepo unaokwenda anakotaka. Na ile nayo ni chombo cha anga kamili, ina usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, kama Caravan na rubani ana leseni, akashangaa kweli.

Saa 4 supu ya mbuzi na chapati mbili. Nyuma yetu inatua ATR ya Dar. Hizo na Q400 ndo ndege kubwa kwetu hapa, pangaboi mbili, watu sabini na kitu. Jeti za maana zinaenda KIA kwenye kilomita 3.6 za lami. Wakongwe hawaachi kusimulia Desemba 2013, Boeing 767 ya kampuni ya nje ilikuwa inaenda KIA ikaja kutua hapa hapa, enzi hizo tuna kama kilomita 1.6 tu, ikasimama ikaishia kwenye majani. Kuitoa ilibidi iwe nyepesi kabisa, abiria chini, mafuta kidogo tu. Mimi sikuwepo ila kila loda, mpakia mizigo, hapa atakwambia alikuwepo.

Saa 7 mchana imekuja ndege ya PC-12 kuchukua mgonjwa. Injini moja kama Caravan lakini magurudumu yanaingia ndani, inaruka juu sana na ndani hewa inashindiliwa, mlango wa nyuma unapitisha machela bila kumpinda mtu. Mambo ya madaktari wa kuruka wa Afrika Mashariki yalianzia huku kwetu chini ya Kilimanjaro, madaktari watatu walilipanga 1956, mwaka uliofuata likaanza.

Saa 9 chopa inapita kurudi kutoka mlimani. Watu wanadhani chopa inafika popote, lakini kule juu hewa ni nyembamba, mapanga hayapati cha kushika, kwahiyo wanabeba wachache na mafuta ya hesabu. Wanatumia sana hii ya H125, ndugu yake AS350 B3 alitua kileleni Everest Mei 2005.

Saa 11 jioni Caravan ya mwisho imerudi, vifuniko vinarudishwa, hasa kile cha kibomba cha kupima kasi, nyigu wanapapenda mno. Nikiwa kwenye kifodi wakala mmoja ananitumia meseji, mgeni wake wa kesho Kogatende hataki injini moja, anataka ATR. Nikamjibu kaka ATR haitui kwenye vumbi lile, ni Caravan au siku nzima barabarani. Kasema ngoja aongee naye. Hadi naandika hii hajajibu na siti nimemshikia mpaka saa 3 usiku tu.