Tulivyoziondoa kompyuta kuukuu za shule yetu Nakuru bila kuziachia jaa la Gioto

Nilipokabidhiwa maabara ya kompyuta katika shule yetu ya kutwa hapa Nakuru, nilipewa pia ufunguo wa stoo. Ndani mlijaa skrini nene zenye mgongo zilizopangwa hadi dirishani, siipiyu (yale maboksi ya kompyuta) zilizokufa, printa, na betri zilizovimba za UPS, vifaa vya kuhifadhi umeme wa akiba. Hakuna aliyethubutu kuzigusa kwa kuwa ni mali ya umma, na kila hesabu ya mali ilipofanywa zilirudi kwenye daftari kama vile bado zinafanya kazi.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa tayari kuja na mkokoteni na pesa taslimu. Ila alitaka siipiyu na nyaya peke yake. Skrini alisema tubaki nazo. Nilimwelewa. Faida yake iko kwenye shaba, alumini na mabodi ya saketi yaliyo ndani ya mashine. Kioo cha skrini zile kina madini ya risasi na hakimlipi mtu chochote, kwa hiyo mwisho wake ni Gioto, pale ambapo nimeona vijana wakichoma nyaya ili wapate shaba, moshi wote ukiwaingia kifuani. Tena mji wetu umekaa juu ya ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinachosombwa na mvua kikaingia Ziwa Nakuru hubaki humo humo.

Niliwaeleza hayo wanabodi, wakaitikia kwa heshima, tukaendelea na ajenda nyingine. Mambo yalianza kusonga siku niliyoenda na sheria mkononi. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kila taasisi ya umma iwe na kamati ya kuondoa mali isiyofaa tena, na inazitaja njia zenyewe: kuhamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni, mnada, kubadilishana na kipya, au kuondolewa kama taka kwa utaratibu wa taka. Inazuia pia mali hiyo kwenda kwa wafanyakazi, isipokuwa pale inaporuhusiwa waziwazi. Kifungu hicho kilinisaidia sana, maana walimu wenzangu kadhaa walikuwa wamekwisha kuchagua skrini za kwenda nazo nyumbani.

Kazi kubwa ikawa orodha, na hapa ndipo ningemshauri yeyote atumie muda wake. Kila kifaa kiandikwe namba yake, hali yake, na sababu ya kutofaa. Tulikijaribu kimoja kimoja pamoja na fundi. Zile chache zilizowaka zilihamishiwa shule ya msingi jirani kwa barua rasmi. Diski ngumu tulizing'oa zote, kwa sababu ndani mna alama za wanafunzi, majina ya wazazi na namba zao za simu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuziacha shule nje. Fundi alizitoboa kwa keekee mbele ya wanakamati, namba zao zikaandikwa kwenye muhtasari.

Kumpata mchakataji wa taka za kielektroniki kulitaka uangalifu. Niliomba karatasi mbili kabla ya kuzungumzia bei: leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kusafirisha taka, na leseni ya kituo zinakopelekwa. Kampuni moja ilinionyesha kibali cha biashara cha kaunti tu, tukaachana nayo. Kanuni za usimamizi wa taka zinataka pia hati ya kufuatilia taka isafiri na mzigo, ili ijulikane umetoka wapi na umeishia wapi.

Kisha likaja suala la pesa. Mchakataji halali alitaka alipwe kwa ajili ya skrini. Mwenyekiti wa bodi, mzee ninayemheshimu sana, akaniuliza, "Mwalimu, tumlipe mtu abebe takataka, na mwingine yuko langoni na pesa mkononi?" Nikamjibu, "Mzee, yule wa langoni ana pesa kwa sababu anatuachia sumu." Ndipo nikapendekeza jambo lililotuvusha: mzigo uende mzima au usiende. Mabodi na nyaya zina thamani, na thamani hiyo ndiyo inayolipia skrini. Ukimruhusu mtu achague vinono, umebaki na hasara ambayo hakuna atakayeichukua. Shule mbili jirani zikaunganisha mzigo wao na wetu, lori likajaa, na malipo yakawa madogo kiasi cha bodi kukubali bila mabishano. Tulipokea cheti cha kuthibitisha kuwa vifaa vimeharibiwa, vikafutwa kwenye daftari.

Naamini mzigo huu haukupaswa kuwa wa shule. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, zinamtwika mtengenezaji na mwingizaji wajibu wa bidhaa hata baada ya kufa. Ulaya walipitisha agizo la namna hiyo kwa vifaa vya umeme mwaka 2003. Skrini zetu ziliingia nchini kabla ya wajibu huo, kwa hiyo hatukuwa na wa kumdai.

Kwa mashine mpya, nilitaka stima ihesabiwe kwenye bei. Siipiyu ya zamani na skrini yake zilikuwa zinakula wati 170 hivi. Laptopu ni kama 30. Kwa mashine 20 zikiwashwa saa sita, hiyo ni unit 20 kwa siku dhidi ya unit zisizofika 4. Mwenzangu mmoja alisema stima yetu ni ya mvuke wa Olkaria, humu humu kaunti ya Nakuru, basi haina ubaya. Ni kweli ni safi, lakini bili bado ni yetu. Niliwakumbusha pia kwamba Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, ya vifaa visivyokula umeme mwingi, mwaka 1992 ikianza na kompyuta, na mwaka 1993 serikali yake ikaziamuru ofisi zake zinunue zenye alama hiyo. Kwetu, kanuni za alama za matumizi ya umeme za mwaka 2016 zilianza na friji, taa na mota, kompyuta hazikuwemo. Kwa hiyo sharti hilo tuliliandika wenyewe kwenye zabuni, tukachagua laptopu, ambazo pia haziwazimikii wanafunzi stima ikipotea.

Tuliongeza kifungu kwamba muuzaji atazichukua mashine zikifika mwisho wake. Aliyeshinda aliomba kiondolewe. Kamati ilikataa, naye akatia sahihi mkataba ukiwa na kifungu hicho.