Herufi tatu kwenye samansi

Samansi ya kwanza ilinifikia wiki tatu baada ya usiku nilioingizwa katika Ufrimasoni. Ndivyo wanavyouita mwito wa kikao, samansi, kama ile ya mahakamani, na kweli ilikuwa na uzito huo: karatasi nene iliyokunjwa, namba ya loji, yaani tawi letu, juu, majina ya viongozi upande mmoja, ajenda upande wa pili. Niliisoma mara nne. Kiingereza nakitumia kazini kila siku, lakini karatasi ile ilinishinda. W.M., S.W., J.W., D.C., I.G., I.P.M. Jina moja lilifuatwa na PPrJGW. Ajenda ilisema kuna ndugu, F.C., ambaye siku hiyo angekuwa "raised". Na chini kabisa palikuwa na mstari mfupi kwamba ndugu yetu aliyekuwa J.D. "passed to the G.L.A."

Huyo wa mwisho nilimfahamu. Usiku wa kuingizwa kwangu nilifungwa kitambaa machoni, na aliyenishika mkono wa kulia akaniongoza gizani ni yeye. Nilikijua kiganja chake kabla ya kuujua uso wake. Kilikuwa kikavu, chenye joto, na kila ilipofika zamu ya kupiga hatua alinibana kidogo ili nisishtuke. Maneno niliyotakiwa kuyatamka alininong'oneza sikioni, polepole, kipande kwa kipande. Kitambaa kilipovuliwa nikamwona: mtu wa makamo, amevaa miwani, anatabasamu. "Umefanya vizuri, ndugu yangu," akaniambia.

Kwa hiyo mstari wake niliufumbua kwa bidii kuliko mingine yote. G.L. nilikwisha kuijua, ni Grand Lodge, Loji Kuu. Na nilikwisha kuelezwa kwamba anayetoka daraja la kwanza kwenda la pili husemwa "amepass". Nikaunganisha: amepandishwa, amehamia Loji Kuu. Nikafurahi kwa ajili yake.

Siku ya kikao nilifika mapema. Mlangoni alikuwepo Tyler, ndugu ambaye kazi yake ni kulinda mlango kwa nje, na upanga wake ulikuwa umelala mezani kando ya kitabu cha mahudhurio. Alikuwa mzee wa umri wa baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikatia saini, kisha nikamwuliza kama yule J.D. angefika, maana nilitaka kumpongeza kwa cheo kipya.

Alinitazama kwa muda mrefu. "Cheo gani?"

Nikamwonyesha samansi. Akaweka kidole chini ya zile herufi tatu. "Hii A ni Above, mwanangu. Loji Kuu ya huko juu. Mwenzetu amefariki. Wiki ya tatu hii tangu tumzike."

Sikuwa na la kusema. Mazikoni sikuwepo. Hakuna aliyenipigia simu. Mimi ni mgeni, namba yangu ilikuwa bado haijaingia kwenye orodha, na kila mmoja alidhani mwingine ameniambia. Mpaka leo nashikilia kwamba msiba hauandikwi kwa herufi tatu. Vyeo vifupishwe wanavyotaka, lakini mtu akifa iandikwe amekufa, ili hata aliyeingia jana ajue aende kulia na wenzake.

Kikao kilifunguliwa, tukasimama kimya kumkumbuka. Kiti cha J.D. alikalia mwingine. Kisha loji ikawa inapanda kwenye daraja la pili, na mwanagenzi haruhusiwi kubaki, basi nikatolewa nje, mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mzee alikuwa amekwisha kuvuta kiti cha pili. Alikuwa na penseli. "Lete hiyo karatasi," akasema.

Tulianza na W.M., Worshipful Master, mkuu wa loji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Mimi ni mtu wa dini, na neno Worshipful nilikuwa nalisoma kama la kuabudiwa. Nilimweleza bila kuficha. Hakucheka. Akaniuliza, "Meya unamwitaje?" Nikasema, Mstahiki Meya. "Basi ndilo hilo hilo. Waingereza wa zamani waliwaita hivyo mameya na mahakimu. Mstahiki. Wa kuabudiwa tunamtaja kwa herufi nyingine." Akaandika G.A.O.T.U. pembeni, na chini yake: Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, yaani Mungu. Nilihisi mabega yangu yakishuka.

Mengine yalikwenda haraka. E.A. ni mimi, mwanagenzi, F.C. ni fundi wa daraja la pili; M.M. ni fundi aliyekamilika, na kufikishwa hapo ndiko kunakoitwa kuwa "raised", kuinuliwa. I.P.M. ni aliyetoka kwenye kiti cha W.M. hivi karibuni. PPrJGW akanifundisha kuikata vipande: P ya aliyestaafu, Pr ya jimbo, halafu cheo chenyewe, Mwangalizi Mdogo Mkuu. Nikamwuliza na lile neno wanaloitikia mwisho wa sala, "so mote it be". Mote ni Kiingereza cha kale, akasema, maana yake "na iwe", na limo katika shairi la mafundi waashi lililoandikwa kati ya mwaka 1390 na 1425 hivi. Ukutani palikuwa na cheti cha zamani chenye A.L. 5926. Toa 4000, akasema, utapata mwaka unaoujua. A.L. ni Mwaka wa Nuru.

Tulipofika kwenye J.D. penseli ilisimama. "Huyu," akasema, "kazi yake ni kumshika mkono anayeingia." Akaiandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, herufi ndogo za mlazo.

Mlango ukabishwa kutoka ndani. Loji ilikuwa imerudi daraja la kwanza. Mzee akachukua upanga wake, akanikabidhi karatasi, nikaingia.

Nyumbani usiku huo niliifungua tena. Kila kifupisho kilikuwa na maana yake pembeni, isipokuwa G.L.A. Hapo mzee hakuandika kitu. Nilichukua kalamu nikaandika jina la yule ndugu, lote, na mbele yake: amefariki.