Karatasi ya Amalfi

Neno la kwanza la Kitaliano kunikaa kichwani ni carta, yaani karatasi. Si ciao, ni carta. Mwaka niliofika Salerno, mji wa kusini mwa Italia, kila dirisha la ofisi nililosimama nilidaiwa carta hii, kesho carta ile. Sikujua kuwa ni binamu wa karatasi yetu: letu limepitia kwa Waarabu, lao kwa Walatini, na babu wa yote mawili ni Mgiriki.

Jumapili iliyopita bibi ninayemtunza alichukuliwa na mwanawe, nikapata siku nzima. Nikapanda boti hadi Amalfi. Basi silipandi tena. Ile barabara ya kona juu ya majabali ilishanitapisha mara moja, inatosha.

Amalfi ni kamji ka watu elfu tano hivi, nyumba zimebanana kwenye korongo. Ukiambiwa hapa palikuwa na dola iliyojitawala, meli zake zikifika Misri na Konstantinopoli, unautazama ule ufuo mfupi ukataka kucheka. Basi panda ngazi za kanisa kuu uone milango ya shaba nyeusi, iliyosubiwa Konstantinopoli katika karne ya 11 ikaletwa kwa meli. Mimi mtu wa Lamu, mlango haunipiti hivi hivi. Anayeagiza mlango ng'ambo ya bahari hana shida ya pesa.

Wapisa, watu wa mji wa Pisa huko huko Italia, waliupora mji mwaka 1135, wakarudi 1137. Kisha Novemba 1343 bahari ikachafuka, ikaubeba mtaa wa chini pamoja na gati. Karibu na ufuo kimesalia kipande cha arsenale, karakana ya kuundia merikebu, giza, matao ya mawe juu. Na jina hilo nalo limetoka Uarabuni: dar as-sinaa, nyumba ya kazi za mikono. Hiyo sinaa ndiyo sanaa yetu. Nilijikuta nacheka peke yangu mle ndani, wazungu wakanitazama.

Lakini nilichofuata hasa ni karatasi. Unapanda na barabara kuu, mto Canneto ukipita chini ya miguu yako umefunikwa, mpaka kwenye kinu cha zamani ambacho sasa ni makumbusho. Waamalfi waliijua karatasi kupitia biashara na Waarabu. Hawakutumia miti, walitumia matambara: shuka na mashati yaliyochakaa, yakapondwa majini kwa nyundo kubwa za mbao zenye misumari ya chuma, zikiendeshwa na gurudumu la maji, hadi yawe uji. Unachota uji kwa kiunzi chenye wavu wa waya, unatikisa, maji yanachuruzika, unaupindua juu ya kitambaa cha sufu. Mwaka 1231 mfalme Federico wa Pili, aliyetawala kusini mwa Italia, alikataza hati za serikali kuandikwa kwenye karatasi. Alitaka ngozi, inayodumu. Kumbe matata ya karatasi na ofisi hayakuanza na mimi.

Walituruhusu kujaribu. Yangu ilitoka nene upande mmoja, upande wa pili unaona mkono. Yule dada wa makumbusho akaguna kwa adabu. Nimeilaza chini ya godoro inyooke. Bibi ameiona jana nikitandika, ameuliza kama ni ya kufungia jibini.