Chuo Kikuu Kinaposhuka Pwani

Bahari ya Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, inapokupwa siku za bamvua, maji hurudi nyuma mbali sana, na wanawake huteremka na kamba, vigingi na mafungu ya mbegu za mwani. Nilipokwenda huko, mama mmoja alinionyesha namna ya kufunga: unashika kipande cha mwani, unakizungushia tai-tai, yaani kiuzi cha kukifungia kambani, kisha unakaza kidogo tu, kwa kuwa ukikaza mno shina hukatika, na ukilegeza wimbi huondoka nalo. Kazi yote hufanywa kwa kuinama, jua likiwa utosini.

Wageni wengi hudhani kilimo hiki ni cha tangu jadi, kumbe kina mkono wa chuo kikuu ndani yake. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Zanzibar kwa mbegu zilizotoka Ufilipino.

Hata hivyo, kuanzisha kazi ni jambo moja, na kubaki nayo inapoharibika ni jingine. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, haistahimili maji ya joto: hupauka, huoza na kukatika kambani. Spinosamu, aina nyingine, huvumilia, lakini bei yake ni ya chini. Dkt. Flower Msuya, akiwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya chuo hicho hicho na iko Unguja, alitafuta njia pamoja na wakulima wenyewe. Waliusaga mwani ukawa unga, wakatengeneza sabuni, na wakajaribu kuupanda ndani ya nyavu zenye umbo la bomba kwenye kina kirefu, ambako maji hayapati joto kali. Njia hii ya mwisho inadai chombo cha majini na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pale hawakufundishwa kuogelea utotoni. Jambo kama hilo mtafiti halioni akiwa maabara, na ndiyo maana naamini kwamba jamii endelevu hujengwa na wasomi wanaokubali kulowa.

Nasema haya kwa uchungu. Katika chuo nilichosoma, tasnifu yangu kuhusu mikoko iliwekwa kabatini, na wanakijiji waliotumia saa nzima kujibu maswali yangu hawakupelekewa hata ukurasa mmoja. Hakuna aliyenitaka nirudi kwao, nami sikurudi. Natamani vyuo vyetu viweke sharti kwamba mwanafunzi anayetafiti maisha ya watu asihitimu kabla hajawarudishia matokeo kwa Kiswahili, ana kwa ana, na kwa watu wa pwani mkutano huo upangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana na wanawake wanapokuwa nyumbani.